Nyasi zipo, ng'ombe wamefungiwa: nipime vipi ustawi wao usiku? (Utafiti wa uzamivu, Kiruhura)

MnyamboMalisho ameandika:

Habari za humu, wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu pale Makerere. Kwetu ni Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na kazi yangu ya uwandani iko Kiruhura, magharibi mwa Uganda, kwenye mashamba ya kuanzia Sanga kuelekea Rushere. Kinyankole nakisikia kwa sababu hakiko mbali na Kinyambo chetu, lakini kuandika naandika kwa Kiswahili, na najua humu kuna madaktari wa mifugo, wafugaji na watu wa takwimu. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Utafiti wangu unahusu usimamizi wa malisho na ustawi wa ng'ombe wa maziwa, hasa chotara wa Friesian na Ankole. Upande wa nyasi sina shida. Mashamba yamegawanywa padoki, yaani vipande vya malisho, seng'enge zimekazwa, ng'ombe wanahamishwa na nyasi zinapata kupumzika. Nakwenda na fremu yangu ya nusu mita kwa nusu mita, naitupa, nakata kilichomo, nachambua, nakausha kwenye oveni kwa nyuzi 65 mpaka uzito usishuke tena. Fremu ikitoa gramu 50 za majani makavu, hiyo ni kilo 2,000 kwa hekta. Kuchambua ndiko kunakochosha, maana huku kumejaa omutete, zile nyasi ngumu za jamii ya mchaichai ambazo zikishakomaa ng'ombe hawazigusi. Ukizipima pamoja na nyingine, padoki itaonekana imeneemeka huku ng'ombe wana njaa. (Pundamilia wa Hifadhi ya Ziwa Mburo nao wana mchango wao kwenye utafiti huu. Padoki ikishapumzishwa vizuri, wao ndio wa kwanza kujua, na seng'enge kwao ni mapambo.)

Tatizo langu ni saa.

Kwenye mashamba mengi ninayoyafuatilia, ng'ombe wanaingia bomani saa 12 na nusu jioni. Kukamua kunaanza saa 11 alfajiri ili maziwa yawahi gari la kituo cha kupozea. Aliyekamuliwa wa kwanza hatoki. Anasimama langoni, kidevu juu ya gogo, kwato ndani ya tope lililochanganyika na mavi, akisubiri wa mwisho akamuliwe na ndama waachiwe wamalizie. Lango likifunguliwa ni saa 3 asubuhi. Pigeni hesabu: saa 14 na nusu ndani ya boma, jani hakuna, na mara nyingi maji hakuna. Zinabaki saa 9 na nusu. Toa saa 6 mchana mpaka saa 9 alasiri, chotara wanapobanana chini ya mgunga mmoja ulioponea panga, kwa kuwa mingine ilikatwa ili nyasi zipate jua. Toa na safari ya lambo. Sasa ng'ombe aliyeachiwa malisho bila kikomo hula saa 8 au 9 kwa siku, na milo yake mikubwa ni miwili: kunapopambazuka na jua linapotua. Yote miwili inamkuta ndani.

Kwa hiyo nina padoki zenye nyasi, na ng'ombe asiye na muda wa kuzila. Mwenye shamba akiona nyasi zimebaki, anaongeza ng'ombe.

Msimamizi wangu wa malisho anasema habari za boma ni utafiti wa mtu mwingine, nibaki kwenye nyasi. Msimamizi wa ustawi ananielekeza kwenye itifaki ya Welfare Quality iliyotoka Ulaya mwaka 2009. Nimeisoma yote na ina mengi ya maana, ila imeandikwa na watu waliokuwa wanatazama banda. Inataka nihesabu sekunde ambazo ng'ombe anatumia kulala chini na kama anagonga vyuma anapolala. Mimi vyuma sina, nina miiba na tope.

Ninachotaka kujua kwenu ni hiki. Usiku nitaupimaje bila kusimama bomani na tochi nikawavuruga ng'ombe na kuwatia wasiwasi wachungaji? Na je, kuna mwenye shamba atakayekubali nilaze ng'ombe wake nje kwa majaribio, wakati anajua fika wezi wapo, na kwa upande wetu huu chui na fisi wa hifadhi wapo pia? Halafu nina mashamba machache yenye ng'ombe wengi. Sijui kama wingi huo wa ng'ombe utanisaidia mbele ya mtahini au ndio utaniangusha.

Naomba kuwasilisha.

---

Daktari wa Josho amejibu:

Dada, pole na kazi. Mimi niko Mbarara, nilisomea Sokoine zamani hizo, na hayo maboma unayoyasema nayaingia kila wiki.

Usiku huna haja ya kukesha. Kuna virekodi vidogo vya mwelekeo, ukubwa wake kama kiberiti. Unakifunga mguu wa nyuma, juu kidogo ya kifundo, kinaandika kila dakika kama mguu umesimama au umelala. Funga kwanza tabaka la bendeji laini, weka kirekodi, kisha zungushia bendeji inayojishika. Kagua kila baada ya siku chache, maana mguu ukivimba chini ya bendeji utakuwa umemtesa ng'ombe kwa jina la ustawi wake. Ukisoma data utaona saa alizolala, aliinuka mara ngapi, na kila kipindi kilikuwa kirefu kiasi gani.

Lakini usidanganyike na idadi ya saa peke yake. Vitabu vitakuambia ng'ombe wa maziwa wa banda la Ulaya analala saa 10 mpaka 12. Wako anaweza kufikisha hizo kwa sababu hana kingine cha kufanya. Na kwenye tope utaona kinyume chake: anasimama kwa sababu pa kulala hapana. Kwa hiyo tazama na saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa. Ng'ombe aliyeshiba hutembea, hunusa, huchagua majani. Mwenye njaa anainamisha kichwa hatua chache tu kutoka langoni na hakiinui. Hiyo unaipima kwa saa ya mkononi na daftari.

Mchana, mnamo saa 8, simama pembeni uhesabu pumzi kwa kutazama ubavu, dakika nzima. Zikipita 60 joto limemzidi. Chukua na jotoridi na unyevu. Siku ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 60, kipimo cha pamoja cha joto na unyevu kinakupa 77, na wenye damu ya Kizungu huanza kusumbuka kwenye 72. Usiku huku ukishuka hadi nyuzi 15, kipimo hicho hakifiki 60. Maana yake zile saa ambazo angekula bila kuhema ndizo mnazomfungia. Mwandikie hivyo msimamizi wako wa malisho, kwa namba hizo hizo, na umuulize kama nyasi isiyoliwa kwa sababu ya joto na lango si habari yake.

Uchafu wa kiwele, mapaja na miguu upe alama 1 mpaka 4. Kuchechemea 1 mpaka 5, na hali ya mwili 1 mpaka 5. Kiwele kipimwe uvimbe uliojificha (mastitisi) kwa dawa ile ya sahani yenye vikombe vinne, kila robo peke yake.

Na tafadhali andika historia ya kuogesha. Huku kwetu kupe wamezoea dawa, tena si dawa ya aina moja, na wafugaji wanachanganya kienyeji. Ng'ombe akiugua ndigana kali akakonda, wewe utalilaumu boma bure.

---

Kibarua amejibu:

Nasoma tu hapa nashangaa. Ustawi wa ng'ombe! Mchungaji wa hao ng'ombe analala kibandani, bati limetoboka, gambuti moja ni la watu wawili. Saa 11 yuko kwenye kiwele, jua likizama bado yuko nyuma ya mkia. Mnajua ni kwa nini ng'ombe wanafungwa mapema? Ni ili huyo mtu apike na yeye ale. Fungeni hicho kidude mguuni mwake tuone analala saa ngapi.

---

Afande Mstaafu amejibu:

Kibarua amesema kweli, msimpite hivi hivi.

Mimi ni mstaafu wa jeshi, mzaliwa wa Bombo, sasa nafuga Ngoma huku Nakaseke. Binti yangu mtafiti, sikiliza. Ng'ombe wangu wanalala nje. Si nje porini! Nina vipande vitatu vya nyasi vinavyozunguka nyumba, kila kimoja kina seng'enge yake na minyaa imepandwa kwa nje, nimeiacha isongamane mpaka mbwa hapiti. Jioni wakitoka kunywa maji wanaingia kimojawapo. Wanakula mpaka kama saa 4 usiku, wanalala, wanacheua. Kabla ya adhana ya alfajiri wameshasimama tena wanakula. Nikiwaita kukamua wanakuja na tumbo limejaa, na aliyekamuliwa anarudi kwenye kipande chake. Hakuna anayesubiri mwenzake.

Habari ya wezi: jirani yangu mmoja alikuwa na boma la miti iliyosimamishwa kama ngome, na wakamtolea ng'ombe humo humo, wote wakiwa wamekusanyika tayari kuswagwa. Mwizi anapenda boma, ng'ombe wake ameshapangiwa. Mimi nina mlinzi na mbwa. Mlinzi namlipa, tena analala mchana, simtumi kuchunga. Ukimfanya mtu mmoja awe mchungaji na mlinzi, huna mchungaji wala mlinzi. Chui sina, hapo sikudanganyi, watu wa Sanga wakushauri wenyewe. Ndama kwangu wanalala ndani, hilo halina mjadala.

Kilichonisumbua ni kitu ambacho wewe hutakiandika kwenye kitabu chako. Mama watoto alikuja juu, samadi ya migomba imepungua! Boma linakusanya mavi mahali pamoja, ng'ombe wakilala nje mavi yanabaki kwenye nyasi. Nyasi zikanawiri, matoke yakalalamika. Tulifikia mapatano, sasa kiangazi wanalala nje na mvua ikizidi wanaingia zizini kwenye matandiko ya majani makavu.

Wazee wa huku watakuambia umande unaleta minyoo. Daktari aseme.

---

Daktari wa Josho amejibu:

Wazee hawajakosea, Afande. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye jani kukiwa na unyevu, jua likikaza vinashuka au vinakufa. Ndiyo sababu vipande vyako vitatu vya kupokezana vinaweza kuwa na nafuu ya minyoo kuliko kimoja kinacholaziwa mwaka mzima. Dada, ongeza kupima mayai ya minyoo kwenye mavi, kabla na baada. Ni kazi chafu lakini rahisi, na mtahini hatakuwa na pa kukushikia.

---

Meza ya Takwimu amejibu:

Niko Entebbe, asili yangu Nakuru, kazi yangu ni kuchambua data za mifugo za watu wengine na kuwavunja moyo.

Ng'ombe 40 wa boma moja si sampuli 40. Wote wanafungiwa na lango lile lile, mchungaji ni yule yule, na tope ni hilo hilo. Kama tiba yako, yaani hali unayoijaribu, ni "kulala nje", basi kinachopewa tiba ni shamba, na shamba ndilo la kuhesabiwa. Wingi wa ng'ombe unakusaidia kupata wastani mzuri wa kila shamba, zaidi ya hapo haukusaidii. Watu wanafelishwa kwa hili kila mwaka.

Dawa yake kwa mashamba machache ni kubadilishana zamu. Kila shamba lipite hali zote mbili. Nusu waanze kulala ndani kisha nje, nusu waanze nje kisha ndani, na wa kuanza wapi apatikane kwa kura, si kwa urafiki. Wape wiki 2 za kuzoea kila unapobadilisha, ndipo upime. Ukianza wote ndani halafu wote nje, mvua ya Machi ikiingia katikati nyasi zitabadilika na wewe utaisifia hewa ya usiku. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinafaa kuliko msimu wa mvua, kwa sababu ndipo muda wa kula unapouma zaidi, ila sema wazi kwamba matokeo ni ya kiangazi.

Kuna shimo jingine sijaona mtu amelitaja. Ndama wananyonya. Maziwa ya kwenye ndoo si maziwa yote ya ng'ombe. Ng'ombe akila zaidi usiku, mkamuaji anaweza kumwachia ndama zaidi kwa huruma, na ndoo isibadilike kabisa. Utaandika kwamba kulala nje hakuna faida, na faida imesimama mbele yako inatingisha mkia. Mpime ndama mzunguko wa kifua kwa utepe kila wiki.

---

MnyamboMalisho amejibu:

Asanteni sana. Nimechapa uzi huu wote kwenye karatasi, nimekwenda nao kwa msimamizi wa malisho. Kilichomgusa ni zile 77 na 60 za Daktari, akanyamaza kidogo, akasema niandike sura.

Kaka Kibarua, nilidhani unanikejeli mpaka niliporudi kwenye daftari langu la uwandani. Saa ya kufunga boma inafuata saa ya mchungaji kupika, na saa ya kufungua inafuata saa ya gari la maziwa. Ng'ombe hana saa yake hata moja hapo katikati. Kwa hiyo fomu yangu sasa ina safu ya saa za mchungaji: ameamka lini, amekula lini, wako wangapi kwa ng'ombe wangapi. Kamati ya maadili ya chuo itataka kibali cha ziada kwa kuwa sasa nahoji watu na si ng'ombe tu, na UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda, nitalazimika kuwapelekea mabadiliko. Sawa, nitazunguka na bahasha. Kidude mguuni mwa mtu hawataniruhusu, nimeshauliza kwa utani nikaangaliwa vibaya.

Afande, shikamoo. Kipande cha usiku karibu na nyumba ndicho nitakachowaomba wenye mashamba, si padoki za mbali. Nimeongea na wanne, wawili wamekubali pale pale, mmoja anataka kwanza aone ng'ombe wa mwenzake wamerudi salama. Wa nne shamba lake limepakana na hifadhi kabisa, na nyayo za chui kanionyesha mwenyewe kando ya lambo. Huyo simbembelezi, nadhani atabaki kuwa wa kulinganishwa tu. Na samadi nitaiandika, Afande. Nilipowauliza wake wa hao wenye mashamba, swali la kwanza lilikuwa hilo la migomba, kabla ya wezi na kabla ya chui.

Nimepata na wazo la tatu kutokana na ulivyosema hakuna anayesubiri mwenzake. Kwa wale wasioweza kulaza nje, kwa nini wasifungue lango kwa makundi? Watano wakishakamuliwa na ndama wao wakamaliza, watoke waingie padoki iliyo jirani na boma. Gharama yake ni lango moja la pili na mtoto wa kulishika. Ng'ombe wa kwanza anapata karibu saa 3 za asubuhi, za baridi, bila mtu yeyote kukesha. Ila najiuliza niiweke kama tiba ya tatu au niiache.

Swali dogo la mwisho kwa Afande: taa huwa inawaka usiku kucha huko kwako? Nisije nikafunga virekodi kumbe mwanga ndio unaowaamsha.

---

Meza ya Takwimu amejibu:

Iache kama tiba. Kwa mashamba hayo tiba tatu zitakumaliza. Lakini shamba moja au mawili yakikubali, ifuatilie pembeni, iandike kama uchunguzi wa mfano bila kudai zaidi. Hilo la lango la pili nalipenda mimi mwenyewe, kwa sababu hata yule wa chui anaweza kulifanya.

---

Afande Mstaafu amejibu:

Marahaba binti. Taa hapana, ni tochi ya mlinzi tu, naye anazunguka nje ya seng'enge. Ng'ombe wamemzoea, hawamwinukii. Wasumbufu ni mbwa. Wakibweka, kundi zima linasimama wima, na wakati mwingine wamemwona sungura. Mpe mlinzi daftari aandike saa ambazo mbwa walibweka, la sivyo kidude chako kitakuletea hesabu usizozielewa.